Dawa ya Kifafa na Ngozi ya Mtoto

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama lilivyosomwa redioni



Leo nitawaelezeni habari za historia. Si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya vidonge vidogo vinavyotolewa katika zahanati zetu, na ya watu waliochukua miaka mingi kujua kwamba vidonge hivyo, vinavyookoa watoto wengi, mara chache humdhuru mtoto mmoja vibaya sana. Fungueni madaftari yenu. Miaka nitakayoitaja iandikeni pembeni, kwa maana mwishoni nitawaulizeni.

1. Swali la mama mmoja

Jioni moja nilikwenda kukagua darasa la kisomo. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kusoma ukurasa wa kumlinda mtoto na moto wa jikoni. Mama mmoja akainua mkono, akaniuliza hivi: "Mwalimu, je, dawa inaweza kumuunguza mtoto pasipo moto?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kwamba binti yake, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa na kifafa. Alipewa vidonge, na kuanguka kukapungua. Baada ya majuma mawili mtoto akapata homa, macho yakawa mekundu, midomo ikatoka vidonda. Bibi yake akasema, "Hii ni surua." Jirani akasema, "Mtoto ametupiwa jicho." Basi wakampaka mafuta, wakangoja. Na kwa kuwa waliogopa kifafa kisirudi, wakaendelea kumpa vidonge vile vile asubuhi na jioni. Siku ya tatu ngozi ya mgongoni ikaanza kubambuka, kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

Walipofika hospitali daktari akawauliza: "Dawa hii alianza kuinywa tarehe ngapi?" Hapakuwa na aliyejua. Hapakuwa na aliyeandika, kwa sababu nyumbani mle hapakuwa na anayejua kuandika.

Mtoto alipona, lakini jicho lake moja lina kovu na haoni vizuri kwa jicho hilo. Mama yake akaja kujiandikisha darasani. Alisema, "Nataka nijue kuandika tarehe."

Jioni ile sikuweza kumjibu kama ilivyofaa. Nilimwambia, "Mama, nipe nafasi nikaulize na kusoma." Somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwenu ninyi pia.

2. Kwa nini watu walitafuta dawa

Kwanza tukumbuke kifafa ni nini. Ubongo wa mtu hupeleka amri mwilini kwa nguvu kama za umeme, nguvu ndogo sana. Nguvu hizo zikitibuka kwa ghafula, mtu huanguka, hutetemeka, hutokwa na povu, na hupoteza fahamu. Mtoto mdogo mwenye homa kali, mathalani ya malaria, huweza kupata degedege. Degedege hilo huja na homa. Lakini mtu anayerudiwa na hali hiyo mara kwa mara, hata siku asizo na homa, ndiye tunayesema ana kifafa. Kifafa hakiambukizi. Mate ya mgonjwa hayampi mwingine ugonjwa.

Jambo hili halikujulikana kwa wote. Mfano wake tunao hapa kwetu. Mahenge ni mji wa milimani katika wilaya ya Ulanga, Tanzania. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari wa kike kutoka Norway, jina lake Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya watu wenye kifafa. Alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka mekoni, na watu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Wengine walikuwa wametengwa na jamaa zao. Aliwapa dawa iitwayo fenobabitoni, na wengi wakapata nafuu. Waliokuwa wakikaa pekee yao wakaanza kula na wenzao na kufanya kazi.

Basi lishikeni jambo hili tangu mwanzo, msije mkanielewa vibaya. Kifafa kisichotibiwa humwangusha mtoto motoni, humwangusha mtoni, na kinaweza kumwua. Dawa za kifafa ni neema. Sisimulii habari hizi ili mzitupe dawa. Nazisimulia ili mjue kuzitumia kwa macho yaliyo wazi.

3. Kutoka chumvi mpaka vidonge

Dawa ya kwanza iliyotuliza kifafa kwa kweli ilikuwa namna ya chumvi, iitwayo bromidi. Mwaka 1857, katika mkutano wa madaktari huko London, daktari mmoja jina lake Charles Locock alieleza kwamba amewapa wagonjwa chumvi hiyo na kuanguka kwao kumepungua. Habari ikaenea, na kwa zaidi ya miaka 50 bromidi ikawa ndiyo dawa kubwa ya kifafa. Lakini wagonjwa walioinywa kwa muda mrefu walisinziasinzia, na wengi wakatoka chunusi na vidonda vya ngozi. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa dawa ya kifafa na ngozi ya mgonjwa zilikuwa na habari zao.

Mwaka 1912, katika mji wa Freiburg, Ujerumani, daktari kijana jina lake Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa mpya ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Luminal. Alitaka walale tu. Akaona ajabu: kuanguka kwao kukapungua, hata mchana. Dawa hiyo ndiyo fenobabitoni, ile ile iliyotumika Mahenge miaka karibu 50 baadaye, na ambayo hata leo hutolewa kwetu kwa sababu bei yake ni ndogo na nguvu yake yajulikana.

Mwaka 1938, huko Boston, Marekani, madaktari wawili, Houston Merritt na Tracy Putnam, wakatoa habari za dawa nyingine iitwayo fenitoini. Waliijaribu kwanza kwa paka, kisha kwa wagonjwa. Ilizuia kifafa bila kumlaza mtu usingizi kama zile za zamani. Nao hawakuficha: katika taarifa yao walieleza kwamba baadhi ya wagonjwa walitokwa na upele.

Mwaka 1953, katika kiwanda kimoja cha dawa mjini Basel, Uswisi, mkemia Walter Schindler akatengeneza dawa iitwayo kabamazepini. Katika miaka ya 1960 ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa kifafa. Hii nayo mtaiona katika hospitali zetu.

Fenobabitoni, fenitoini, kabamazepini: yaandikeni majina haya matatu pamoja. Dawa hizi zinafanana kwa jinsi zilivyoumbwa, kama ndugu wa nyumba moja. Mbele kidogo mtaona kwa nini undugu huu ni jambo la kukumbuka.

4. Wavulana wawili wa New York

Sasa tuache dawa kidogo, twende kwenye ugonjwa wa ngozi wenyewe. Mwaka 1922, mjini New York, madaktari wawili walioitwa Albert Stevens na Frank Johnson waliandika habari za wavulana wawili, mmoja wa miaka 7, mwingine wa miaka 8. Watoto hao walikuwa na homa kali. Mwili ulitapakaa upele. Vinywa vyao vilijaa vidonda, na macho yao yalivimba na kutoka usaha.

Na sikilizeni jambo hili. Madaktari waliowaona watoto wale mwanzoni walisema ni surua, ile surua mbaya inayovujisha damu ndani ya ngozi. Basi yule bibi wa mtoto wa darasani kwetu asilaumiwe. Kosa alilofanya yeye kijijini ndilo walilofanya wenye shahada katika mji mkubwa wa Marekani. Upele, homa, macho mekundu: kweli vinafanana na surua.

Stevens na Johnson waliona kwamba hii si surua. Lakini walidhani ni homa mpya ya upele. Chanzo chake hawakukijua. Hata leo ugonjwa huu huitwa kwa majina yao, yaani ugonjwa wa Stevens na Johnson. Ilichukua miaka mingi madaktari kukusanya habari za wagonjwa, huyu na yule, mpaka wakatambua kwamba mara nyingi ugonjwa huu hufuata dawa. Dawa zenyewe si nyingi. Ziko baadhi ya dawa za kuua vijidudu, hasa zile za jamii ya salfa, na ziko dawa za kifafa.

Mwaka 1956 daktari wa ngozi kutoka Scotland, Alan Lyell, akaandika kutoka Aberdeen habari za wagonjwa wanne. Ngozi zao zilikuwa zimebambuka sehemu kubwa, wakafanana na watu waliounguzwa kwa maji ya moto. Lakini maji ya moto hayakuwagusa. Ugonjwa huo ukaitwa ugonjwa wa Lyell. Siku hizi wataalamu wanaona kwamba ule wa Stevens na Johnson na huu wa Lyell ni ugonjwa mmoja, tofauti ni ukubwa wake tu. Ngozi iliyobambuka ikiwa pungufu ya sehemu moja katika kumi ya mwili, huitwa wa Stevens na Johnson. Ikizidi sehemu tatu katika kumi, huitwa wa Lyell. Katikati ni mchanganyiko.

Basi mama, swali lako lilikuwa swali la kweli. Ndiyo, dawa inaweza kuunguza ngozi pasipo moto. Wewe uliona kwa macho yako lile lililoandikwa Aberdeen mwaka 1956.

5. Dawa inaunguzaje?

Mwili wa mtu una askari wake. Ni chembe nyeupe za damu, na kazi yao ni kulinda. Kijidudu kikiingia, askari hao hukitambua na kukiua. Kwa watu wengi dawa ya kifafa hupita mwilini, hufanya kazi yake, hutoka, na askari hawashughuliki nayo. Lakini kwa mtu mmoja mmoja askari hukosea. Huiona dawa kama adui, na chembe za ngozi huziona kama nyumba zilizomficha adui huyo. Basi huzishambulia. Ngozi ya juu hufa na kuachana na ngozi ya chini. Ndivyo inavyokuwa pia kwa ngozi laini ya midomo, kinywa, macho, na sehemu za siri.

Ndiyo sababu hatari yake ni kama ya mtu aliyeungua. Maji ya mwili huvuja, vijidudu huingia, na mgonjwa asipotunzwa hufa. Katika ugonjwa wa Lyell watu wazima wengi hufa, karibu mmoja katika kila watatu. Watoto hufa wachache zaidi, lakini wanaopona huweza kubaki na makovu ya macho maisha yao yote.

Kuna na namna nyingine ya kosa hilo la askari. Mtoto hupata homa, upele, uso kuvimba na tezi kuvimba, na ini au figo zikadhurika, ingawa ngozi haibambuki. Hii huja polepole zaidi, mara nyingi kati ya juma la pili na la nane tangu dawa ilipoanzwa. Na hapa ndipo undugu wa dawa zile tatu unapoleta shida. Mtoto aliyedhuriwa na kabamazepini huweza kudhuriwa vile vile na fenitoini au fenobabitoni. Akihamishwa kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa ndugu mwingine, huenda amehamishwa chumba, bali nyumba ni ile ile.

Je, balaa hili hutokea mara ngapi? Ni mara chache. Wachunguzi wa Ulaya walihesabu wagonjwa wa Stevens na Johnson pamoja na wa Lyell. Walikuta ni kati ya mtu 1 na watu 10 katika kila watu 10,000 wanaoanza dawa hizi. Tena karibu wote huugua katika majuma manane ya mwanzo. Mtu aliyetumia dawa ile ile miaka miwili bila shida hana sababu ya kuishi kwa hofu. Majuma ya mwanzo ndiyo ya kuangaliwa.

Fahamuni pia kwamba si kila upele ni huu. Mtoto hutokwa na vipele vya joto, vya wadudu, na vya surua yenyewe. Dawa za kifafa zenyewe huleta upele mwepesi unaopita. Lakini wewe na mimi hatuwezi kujua siku ya kwanza ni upele upi. Anayejua ni mtaalamu aliyeambiwa ukweli wote.

6. Somo la mwaka 1997

Katika miaka ya 1990 ikaja dawa mpya, lamotrijini. Marekani waliiruhusu mwaka 1994. Ilikuwa dawa njema, haimlazi mtu, na madaktari wakaipenda. Lakini mwaka 1997 serikali ya Marekani ikaagiza onyo kubwa liandikwe kwenye karatasi ya dawa hiyo, ndani ya mstari mweusi. Onyo lenyewe lilihusu upele mbaya, hasa kwa watoto.

Hesabu zilizokuja kuandikwa katika karatasi hiyo zilieleza hivi. Kati ya watoto 1,000 waliopewa lamotrijini juu ya dawa nyingine katika majaribio, karibu 8 walipata upele uliolazimu kulazwa hospitali na kuachishwa dawa. Kwa watu wazima walikuwa karibu 3 katika 1,000. Ngozi ya mtoto, basi, ilikuwa katika hatari zaidi.

Kwa nini? Wachunguzi wakaona mambo mawili. La kwanza, walioanzishwa kwa kipimo kikubwa, au walioongezewa upesi, waliugua zaidi. La pili, waliougua zaidi ni wale waliokuwa wakinywa pia dawa nyingine ya kifafa iitwayo valproeti. Fikirini mtungi wenye tundu chini. Ukiutia maji kidogo kidogo, yanayoingia hutoka, na mtungi haujai. Valproeti huziba nusu ya tundu. Maji ni yale yale, lakini sasa mtungi unajaa na kumwagika. Lamotrijini hukaa mwilini karibu mara mbili ya muda wake wa kawaida.

Madaktari wakabadili desturi. Wakaanza kwa kipimo kidogo sana, wakaongeza polepole kwa majuma mengi, na penye valproeti wakaanza kwa kipimo kidogo zaidi. Upele mbaya ukapungua. Tazameni, dawa haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni mwendo. Haraka haraka haina baraka, wazee wetu walikwisha sema.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa, "Mpe nusu ya kidonge kwa majuma mawili, kisha urudi," asiseme, "Hawa wananichelewesha, nitampa kizima apone upesi." Nusu ile ndiyo ngao ya mtoto. Na kama mtoto amekatiza dawa kwa siku kadhaa, msirudie kipimo kikubwa cha mwisho kwa akili zenu. Rudini kliniki mkaulize, maana huenda akalazimika kuanza upya kutoka chini.

7. Alama iliyoonekana Taiwan

Mwaka 2004 wachunguzi wa kisiwa cha Taiwan, kule Asia ya mashariki, walitoa habari iliyowashangaza wataalamu wa dunia. Chembe za mwili wa kila mtu zina alama alizorithi kwa baba na mama, kama beji ya mfanyakazi. Walichunguza wagonjwa 44 waliopata ugonjwa wa Stevens na Johnson baada ya kunywa kabamazepini. Wote 44 walikuwa na alama moja, wataalamu huiita HLA-B*15:02. Kati ya watu 101 waliokunywa kabamazepini bila kudhurika, waliokuwa na alama hiyo ni 3 tu.

Basi wakaanza kupima damu kabla ya kutoa dawa. Mwaka 2011 walieleza matokeo ya watu 4,877 waliopimwa. Wenye alama wakashauriwa wasinywe kabamazepini. Wachunguzi walitarajia kwamba, bila kipimo hicho, watu karibu 10 wangeugua. Hakuugua hata mmoja.

Hii ni habari ya furaha, lakini tusiichukue yote kuwa yetu. Alama ile ni ya watu wengi wa Asia ya mashariki na kusini mashariki. Miongoni mwa watu wenye asili ya India wako walio nayo, si wengi. Kwa Waafrika ni nadra sana. Kwa hiyo kipimo kile hakiwezi kuwa mlinzi wa mtoto wa Mahenge au wa Kilifi. Mlinzi wake ni mtu anayemwogesha kila siku na kuiona ngozi yake.

8. Yule aliyeona kwanza

Sasa tazameni historia yote hii tangu juu. Ni nani aliyekuwa wa kwanza kuona kila mara? Ni mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa, akaona, akaandika. Hauptmann aliona wagonjwa hawaanguki, akaandika. Stevens na Johnson waliona kwamba hii si surua, wakaandika. Lyell alikuwa na wagonjwa wanne tu, akaandika. Kama wangeona na kunyamaza, sisi tungekuwa gizani mpaka leo.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa machungu. Mwaka 1961 ilijulikana kwamba dawa moja ya usingizi, thalidomide, iliyopewa wanawake wajawazito, iliwazalisha watoto wenye mikono na miguu mifupi. Ndipo nchi zikaanza kukusanya habari za madhara ya dawa. Uingereza ilianzisha kadi ya njano mwaka 1964. Mwaka 1968 ukaanza mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kazi hiyo, na Tanzania na Kenya zimo katika mpango huo. Kwa hiyo mtoto wako akidhuriwa na dawa, mwulize mhudumu wa afya kwa adabu: "Je, taarifa ya dawa hii imeandikwa na kupelekwa?" Swali hilo si utovu wa heshima. Ni haki yako, na ni msaada kwa mtoto wa mwenzako.

Na kuwahi kuna faida kubwa. Mwaka 2000 ilitolewa taarifa ya wagonjwa wa namna hii waliotibiwa Ufaransa. Kwa dawa zile zinazotoka mwilini upesi, kila siku moja ya kuwahi kuacha dawa ilipunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 30. Kwa dawa zinazokaa mwilini siku nyingi tofauti hiyo haikuonekana. Fenobabitoni ni mojawapo ya dawa zinazokawia kutoka, na hiyo ni sababu ya kutoongeza kidonge kingine juu yake pindi dalili zinapoonekana.

9. Yakupasayo kufanya

Mtoto akianzishwa dawa ya kifafa, chukua daftari lako, uandike mambo manne: jina la dawa, tarehe ya kuanza, kipimo na siku kilipoongezwa, na dawa nyingine anazotumia, pamoja na zile za miti shamba. Kama huwezi bado kuandika yote, andika tarehe tu. Tarehe ile ndiyo daktari aliyoitafuta kwa yule mama asiipate.

Katika majuma manane ya mwanzo mtazame mtoto kila siku unapomwogesha. Ukiona upele wowote, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo, na uichukue dawa yenyewe pamoja na daftari. Ukiona pamoja na upele homa, macho mekundu, vidonda vya midomo au kinywa, uso kuvimba, malengelenge, au ngozi inayouma na kubambuka, hiyo ni hatari. Usimpe kidonge kinachofuata. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usimpake mafuta wala majani, wala usipasue malengelenge.

Lakini usiiache dawa nyumbani kimyakimya na kukaa. Kifafa kilichokatiwa dawa kwa ghafula huweza kurudi kwa nguvu, mtoto akatetemeka bila kukoma. Mwache daktari amtolee dawa mbaya na kumpa nyingine isiyo ndugu ya ile ya kwanza. Na jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwa herufi kubwa katika kadi yake, aionyeshe kila hospitali maisha yake yote, maana haimfai tena.

Nilirudi katika darasa lile nikamsomea yule mama mambo haya. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari lake, akanionyesha ukurasa wa kwanza. Palikuwa na jina la dawa mpya ya binti yake na tarehe aliyoianza. Herufi hazikunyooka, lakini zilisomeka. Binti yake sasa anakwenda shule, na kifafa hakijamwangusha kwa miezi mingi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini madaktari wa New York na bibi wa kijijini walikosea kosa moja?
2. Ni dawa gani tatu tulizoziita ndugu? Kwa nini?
3. Ni nini kilichobadilika katika kutoa lamotrijini baada ya mwaka 1997?
4. Kwa nini ni hatari kuendelea na dawa, na kwa nini ni hatari pia kuiacha bila kumwona daktari?
5. Andika tarehe ya leo. Chini yake andika jina la dawa yoyote iliyomo nyumbani mwako.

Kwaherini, wasikilizaji. Tuonane somo lijalo.